Patisheni Isiyo na Herufi

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale Kabasa, Bunda, kutafuta bawaba za mlango, na aliyenigeukia nyuma ya kaunta alikuwa Magesa. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, tumbo limetangulia, lakini ni yeye. "Ee, dada Perusi!" alisema, akazunguka kaunta kuja kunishika mikono yote miwili. Mimi nina tabia moja ambayo mume wangu ameizoea kama watu wanavyozoea bati linalovuja: mtu akinifurahia sana, najiuliza anataka nini. Nikamtazama usoni nikitafuta kinyongo. Sikukiona. Alinichagulia bawaba, akazikunja na kuzikunjua kuona kama ni laini, akaniandikia risiti kwa mkono kwenye kitabu cha kaboni. Hapo ndipo nilipozungusha macho dukani. Misumari, rangi, makoleo, mabomba. Kompyuta hakuna. "Mambo ya mashine uliacha?" nikauliza, nikijifanya naulizia tu. "Zamani hiyo, dada. Nilikuwaga nazo. Ile kazi inataka mtu anayeamini mikono yake." Alisema akicheka. Nilirudi Musoma na bawaba zangu mapajani, na kuanzia jioni ile sikuwa na raha, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee duniani niliyejua kwamba mikono yake haikuwa na kosa.

Mwaka jambo lenyewe lilipotokea nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikotoka na jinsi nilivyopata kazi tuyaache, yatanichelewesha kufika kwenye chumba. Chumba kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga kule Kigera, hapa Musoma: pazia la maua, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta, na meza mbili zilizotazamana. Tulikuwa tunatengeneza kamusi ya Kijita, tukikusanya maneno kabla wanaoyajua hawajaondoka nayo. Magesa ni Mzanaki wa Butiama na Kijita alikielewa kwa taabu, lakini ndiye aliyekuwa fundi. Alibeba kinasa sauti hadi vijijini, akawarekodi watu, akarudi na kuzimimina sauti kwenye kompyuta. Mimi nilisikiliza na kuchapa. Mkurugenzi, mwinjilisti mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikaa chumba cha ndani na mlango wazi, akitusikiliza sote wawili. Kompyuta ilikuwa moja, na kwa kuwa ilikuwa moja, ilikuwa ya kila mtu. Wanakwaya walikuja kuchapisha nyimbo, kamati za harusi zikaja kuchapa kadi, na kila flashi ilikuja na virusi vyake. Mkurugenzi hakuweza kumnyima mtu. Alisema mgeni hafukuzwi kwa sababu ya mashine.

Sauti niliyoipenda kuliko zote ni ya Bibi Nyabweke wa Bugwema. Alikuwa anaeleza habari za kusaga ulezi juu ya jiwe: jina la jiwe la chini, jina la lile la mkononi, jina la unga wa mzunguko wa kwanza, na majina ya mwanamke asiyejua kusaga. Alisema huyo ana majina manne, akataja moja, akacheka mpaka akakohoa, na hapo kipande cha siku kikaisha. Nilikuwa napewa kwa vipande hivyo hivyo. Asubuhi Magesa ananiwekea sauti kwenye folda iliyoitwa Leo, jioni ameiondoa. "Zile za asili ziko wapi?" nilimwuliza. "Ziko salama, dada." Wiki iliyofuata nikauliza tena. "Salama kabisa." Mtu akiniambia mara mbili kwamba kitu kiko salama bila kusema kiko wapi, mimi silali vizuri.

Mchana tulikula sahani moja. Magesa alikuwa akitelemka mwaloni, wanakoshushia samaki, akarudi na sato mmoja wa heshima, nami nikasonga ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Kila siku, bila kukosa, alikigeuza kichwa cha sato upande wangu. Kichwa cha sato si kitu mtu anachomwachia mwenzake hivi hivi. Nilikila, nikanyonya na mifupa, huku nikiwaza: huyu ananinunua, lakini ananinunulia nini? Nimewaza sana juu ya vile vichwa vya samaki tangu siku ile ya bawaba. Nadhani aliniheshimu tu, na mimi sikujua kupokea heshima bila kuipekua mifuko kwanza. Lakini kipindi kile nilikuwa na ushahidi wangu. Siku moja nikiwa naosha sahani nilimsikia ukumbini akiongea na simu, sauti chini: "Huo upande wa pili usimwambie mtu. Hawa wakijua kuna nafasi wataijaza yote." Nikafunga bomba ili nisikie vizuri, naye akakata simu.

Basi diski ikaanza kujaa. Wanaotumia kompyuta wanaijua ile alama: kuna mstari unaoonyesha nafasi iliyotumika kwenye C, na ukikaribia mwisho unageuka mwekundu. Wetu uligeuka mwekundu, mashine ikaanza kutembea kama mgonjwa. "Dada, C imejaa," Magesa akaniambia. "Punguza vitu vyako." Vitu vyangu! Nilikuwa na video moja tu, ya sendoff ya mdogo wangu. Ni kweli nilikuwa nimeinakili mara tatu, folda tatu tofauti, kwa sababu nakala moja siiamini. "Na vya kwaya je?" nikamwuliza. "Na vya kwaya, na vya harusi, vyote. Lakini hiyo sendoff yako, dada, ni kubwa kama ng'ombe watatu." Nilinuna siku nzima. Nikaanza kufanya hesabu. Kwenye sanduku la kompyuta kulikuwa na karatasi ya kiwandani iliyosema diski ni ya GB 500. Nikifungua C, naambiwa 150. Nani asiyejua habari za mafundi? Unapeleka redio nzima, unarudishiwa ganda. Nikajisemea, huyu ametoa diski kubwa akaiuza, akatuwekea ndogo, na sasa anataka mimi nifute sendoff ya mdogo wangu ili wizi wake usionekane.

Halafu kulikuwa na ile orodha nyeusi. Kwa kawaida Magesa ndiye aliyewahi kufika na kuiwasha mashine. Siku moja niliwahi mimi. Kabla ya picha tuliyoizoea, kikaja kioo cheusi chenye majina mawili, Windows na jingine nisilolijua, kikahesabu sekunde kurudi nyuma, kisha kikajichagulia Windows chenyewe. Nilipomwuliza alisema, "Hizo ni mambo za fundi tu, dada." Leo naweza kueleza, maana nilijifunza baadaye kwa uchungu. Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili ndani ya diski moja. Upande mmoja uliishi Windows, ambako sisi sote tulifanyia kazi. Upande mwingine Magesa alikuwa ameweka Linux, na kila upande ulikuwa na eneo lake la diski, mafundi wanaliita patisheni. Windows haiwezi kusoma kilichomo kwenye eneo la Linux, na virusi vya zile flashi za kwaya havikuwa na njia ya kufika huko. Ndiko alikohifadhi sauti zote. Diski ya nje ambayo Mkurugenzi aliahidi kununua ilikuwa haijanunuliwa, na kinasa sauti kilifutwa kila safari ili kipate nafasi ya kijiji kinachofuata, kwa hiyo sauti zilikuwa hapo tu, pengine popote hazikuwapo. Ilikuwa akili nzuri. Ila hakutuambia, kwa sababu na yeye alitushuku. Aliamini tukijua kuna nafasi tutaijaza harusi, na kwa jinsi nilivyokuwa siwezi kusema alituonea.

Ijumaa moja alibaki ofisini peke yake. Jumatatu asubuhi nikakuta C imekuwa 170. "Nimekuongezea ishirini, dada," alisema akifunga mkoba wa safari, maana alikuwa anakwenda Bunda siku mbili kurekodi. "Usiijaze na sherehe." Nikamwambia asante, na mdomo wangu ukatabasamu. Alipotoka tu nikakaa chini. Nafasi haizaliwi. Kama amenipa ishirini, amezitoa mahali, na mtu anayegawa ishirini ana mamia. Basi diski hakuiuza, ameificha, na bila shaka ameificha kwa ajili yake, pengine anauza filamu kwa kuwajazia watu kwenye flashi kama walivyofanya wengi mjini. Jioni nikaenda kwa dada mmoja niliyesali naye, aliyekuwa akifundisha kompyuta, nikamwuliza mtu anaonaje diski yote na si C peke yake. Aliniandikia hatua nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada: bofya hapa, kisha hapa, utaona maboksi. Akaniandikia na jinsi ya kufuta boksi lisilotumika na kuliunganisha na C. Nilimwambia ni kwa ajili ya kujifunza tu.

Jumanne mchana Mkurugenzi alitoka kwenda kumwona mgonjwa. Nikafuata hatua. Maboksi yakatokea. La kwanza liliandikwa C, limejaa. Kando yake boksi kubwa zaidi, GB 295, halina jina, halina herufi. Nikasoma mstari wake: liko zima, na nafasi iliyo wazi ni asilimia mia moja. Sikujua kwamba Windows isipoweza kusoma eneo, inaandika tu kwamba ni tupu. Niliamini nilichokiona kwa sababu ndicho nilichokuwa nakitafuta. Niseme ukweli, nilifurahi. Mtu anayeshuku watu maisha yake yote mara nyingi anakosea na kuona aibu kimyakimya, na siku anapoona amepatia ni kama sikukuu. Tupu, mia kwa mia, na mimi naambiwa nifute sendoff! Nikabofya kufuta. Kompyuta ikaniuliza: data zote zitapotea, uendelee? Data gani, nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, nikabofya ndiyo. Nikaliunganisha na C. Ule wekundu ukaondoka. Nikainakili sendoff mara ya nne, kisha nikaenda kula kiporo cha dagaa.

Saa tisa umeme ukakatika. Uliporudi, mashine haikuwaka kama kawaida. Kilikuja kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema hakuna patisheni kama hiyo, na kialama kikimetameta. Nilizima nikawasha mara tano. Mkurugenzi aliporudi akaingiwa na hofu, akaita fundi wa mjini, naye ndani ya saa moja akasimika Windows upya juu ya kila kitu. Nakala zangu nne za sendoff zilikwenda zote, maana zote zilikaa diski hiyo hiyo. Yale niliyokuwa nimeyachapa yalipona, kwa kuwa nilivaa flashi yangu shingoni hata nikioga, lakini hayakufika theluthi ya sauti zilizorekodiwa.

Magesa alirudi Jumatano. Nakumbuka alivyoingia na vumbi la barabara kwenye nyusi, akatuamkia, tukamweleza kwamba mashine iligoma na fundi wa mjini amesimika Windows upya, akaiwasha, akakaa akiitazama muda mrefu bila kugusa kitu. Halafu akanyanyuka akaenda kusimama mlangoni kwa Mkurugenzi. "Mzee, sauti zilikuwa upande wa pili." "Upande gani?" "Kuna Linux nilikuwa nimeweka. Zilikuwa huko." "Nani alikuwa anajua?" "Mimi tu, mzee." Nilisikia kiti cha Mkurugenzi kikisogea. "Kwa hiyo umeficha kazi ya watu mahali unapajua wewe tu, na sasa haipo." Magesa akasema jambo ambalo ningeweza kulirudisha kinywani mwake kwa sentensi moja. Alisema, "Ijumaa nilisogeza mpaka wa diski ili C ipate nafasi. Ni kazi ya hatari ile. Kama iligoma hata kabla fundi hajaigusa, labda nilikosea." Mkurugenzi akaniita. "Perusi, wewe uligusa?" Nilisimama pale nikanusa nta ya sakafu. "Mimi nachapa tu, mzee." Na Magesa, kabla sijamaliza, akanitetea: "Dada hajui hizi vitu." Aliondoka Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Hakufukuzwa, aliambiwa aende kwa amani, na kupitia ukuta nilimsikia Mkurugenzi akimwambia mtu kwenye simu kwamba ni kijana mwaminifu ila mikono yake haiaminiki tena.

Mwezi uliofuata nilitumwa Bugwema kumrekodi upya Bibi Nyabweke. Nilimkuta amelala upande mmoja, amepooza, ulimi hautii. Aliushika mkono wangu akatoa sauti, na wajukuu wakanyamaza ili nisikie, lakini hazikuwa maneno. Kwenye kamusi iliyochapwa mwanamke asiyejua kusaga ana jina moja. Najua yalikuwa manne. Nilimlilia yule bibi njia nzima ya kurudi, nikiwa najua kwamba nusu tu ya kilio ni yake, nusu nyingine namlilia mtu aliye hai na ninayeogopa kumwandikia. Nilijipa sababu za kutosha. Yeye ndiye aliyeficha. Mkurugenzi ndiye aliyekosa kununua diski ya nje. Fundi wa mjini ndiye aliyefuta juu ya kufuta. Miaka kumi na sita nimeishi na sababu hizo, na siku ya bawaba zote zilionekana ndogo.

Baada ya wiki tatu nilirudi Kabasa. Nilimkuta anampimia mteja waya wa umeme, nikangoja akate na kufunga. "Magesa," nikasema, "ile patisheni ya upande wa pili niliifuta mimi. Ulipokwenda Bunda. Niliiona haina herufi, nikadhani unaificha tupu. Nikaifuta nikaiunganisha na C." Nilitegemea ngumi, au kicheko, au anifukuze. Alivuta kigoda akakaa, na alipoongea alikuwa na sauti ya yule fundi wa Kigera.

"Ulipitia wapi?"

Nikamweleza hatua zote, hata ile karatasi ya ratiba ya ibada.

"Na kabla hujafuta, hiyo boksi iliandikaje? Ilionyesha ina shida?"

"Hapana. Iliandika ni zima."

"Zima."

"Ndiyo. Zima, na tupu mia kwa mia."

"Tupu hiyo ni Windows, haionagi kitu," alisema haraka, akiipuuza kwa mkono. "Lakini zima iliandika? Jumanne?"

"Jumanne mchana. Nimeiona kwa macho yangu."

Aliinama akatazama viganja vyake. "Kwa hiyo mpaka niliusogeza sawa," akasema. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba zile hatua za Ijumaa amezirudia kichwani kila mara akilala, akitafuta mahali alipoteleza. Aliitwa kwenye kazi nzuri mara mbili, Musoma na Mwanza, akaogopa kwenda. Mtu akimletea mashine yenye kazi za watu alimwambia aipeleke kwa fundi mwingine, mpaka akaona heri misumari, msumari ukipinda unachukua mwingine. Nilitaka anitukane. Ningejua pa kuliweka tusi.

"Rebeka!" akaita. Mkewe akatoka nyuma ya duka akijifuta mikono kwenye kanga. "Huyu ni dada Perusi tuliyefanyaga naye kazi. Dada, sema tena." Kwa dakika moja, na naona aibu kuiandika, nilishuku kwamba ananirekodi anipeleke mahali. Kisha nikasema tena. Rebeka alinisikiliza mpaka mwisho. "Huyu aliuza mpaka bisibisi zake," akaniambia. "Nilimwambia binadamu anakosea, ajisamehe mwenyewe. Kumbe nilikuwa namwombea msamaha wa kitu hakufanya." Alichukua simu ya mumewe kwenye kaunta, akatafuta namba, akaweka sauti ya nje, akanisogezea mdomoni. Ikaitika sauti ya mwanamke mzee, nyuma yake kuku na watu wanaongea.

"Mama yupo Butiama," Magesa akasema taratibu. "Mwambie na yeye."

Nilimwamkia, nikajitaja jina, nikasema nilifanya kazi na mwanawe Musoma zamani.

"Ile kazi aliyoiharibu?"

"Hakuiharibu, mama. Niliiharibu mimi, nikanyamaza."

Nikasikia jogoo.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," yule mama akasema. "Hapa nina majirani, nao walisikiaga kwamba aliharibu."

Dukani walikuwamo wateja wawili wakichagua rangi. Nikaishika simu kwa mikono yote miwili na kupaza sauti. "Magesa hakukosea, mama! Ni mimi niliyefuta!" Wale wateja wakageuka wote wawili kunitazama, na kule Butiama watu wakaacha kuongea.